Mistari Kumi na Minne ya Dereva

Hodan Bare alikuwa kaimu mkurugenzi kwa miaka mitatu na miezi miwili, na anayedhani ukaimu ni cheo hajawahi kukaimu. Kaimu hufanya kazi zote za mkurugenzi na hubeba lawama zote za mkurugenzi, ila jina lake hubandikwa mlangoni kwa karatasi na selotepu, ili siku ya kulibandua mtu asihangaike kutafuta bisibisi. Mamake, akiwatambulisha wanawe kwa wageni pale nyumbani Bulla Iftin, alikuwa akisema huyu ni mwalimu, huyu ni muuguzi, na huyu ni kaimu. Neno hilo alilitamka kwa sauti ya chini, kama anayetaja maradhi ya kifua.

Shirika lenyewe liliitwa Mkono wa Sanaa. Kazi yake ilikuwa kuingia maofisini mjini Garissa na kuwaomba wafanyakazi watie sahihi karatasi ya ridhaa, ili kila mwezi kitu kidogo kikatwe kwenye mshahara na kuwafikia wasanii: vijana wa maigizo, watunzi wa mashairi, akina mama wasusi wa mikeka. Kuieleza kazi hiyo si vigumu. Kuwaomba watu ndiko kugumu. Watu wa Garissa ni wakarimu, hilo halina ubishi. Ukisema nyumba ya fulani imeungua, mchango utakuwa umekamilika kabla ya swala inayofuata. Lakini mtu wa huku hupenda kutoa akimwona anayepewa, na anayepewa amwone anayetoa. Kumkata mshahara kimyakimya kwa ajili ya msusi wa Bura ambaye hajapata kunywa naye chai kunahitaji ulimi, na Hodan alikuwa nao.

Alhamisi ya wiki ya pili bodi ingekaa kuamua. Ama karatasi ya mlangoni igeuke kibao cha shaba, ama aletwe kijana mmoja kutoka Nairobi aliyekuwa ameandika mpango wa kurasa sitini na moja, na ambaye kwa bahati njema tu alikuwa mpwa wa Salat, mjumbe wa bodi. Mwenyekiti, Adeer Abdirizak, yaani Ami kama wazee wanavyoitwa huku, aliyestaafu baada ya miaka thelathini katika idara ya mifugo, alikuwa amemwambia Hodan wazi: wafanyakazi mia moja na arobaini wa kampuni ya maji ya Barwaqo ndio uti wa mgongo wa shirika. Wakibaki, naye atabaki. Hodan alimjibu kwamba watabaki na watafurahi, kwa sababu safari hii angewashukuru kwa namna ambayo hawajawahi kuiona.

Miaka iliyopita wachangiaji walikuwa wakipewa vyeti. Vyeti hivyo vilipepea majiko ya mkaa mtaa mzima. Mhasibu mmoja alikiri kwamba chake kilikuwa kizuri sana kwa kufunikia ndoo. Hodan akapata wazo ambalo lilimfanya akae kitandani na kucheka peke yake: badala ya karatasi, kila mchangiaji wa Barwaqo asifiwe kwa shairi, na atakayemsifu ni Eeddo, yaani Shangazi, Arbia wa Bura, kiongozi wa kundi la wasusi ambalo shirika lilikuwa likilisaidia. Arbia alikuwa mtunzi ambaye arusi bila yeye ilihesabiwa kuwa ni kikao tu.

Sasa, ni lazima ieleweke jambo moja. Kwenye arusi za huku, akina mama wanaposimama na ngoma kuimba buraanbur, yale mashairi yao ya kusifu, kila ukoo huhesabu mistari yake. Hakuna anayekiri kwamba anahesabu. Utaona tu bibi kizee ametoa tasbihi, vidole vinatembea punje kwa punje, na kama unadhani anamtaja Mola wake basi wewe ni mgeni. Hodan alilijua hilo tangu akiwa mtoto wa kushikwa mkono. Kosa lake ni kwamba alidhani watu wa ofisi ni watu wengine. Alidhani mtu akishafunga tai na kupiga kadi ya kuingia kazini, huacha kuhesabu.

Alimpelekea Arbia orodha ya majina. Arbia aliuliza kila mmoja ametoa nini, Hodan akamjibu kwamba kiasi cha mchango ni siri ya mtungi, aijuaye kata. Arbia akasema basi, asiyejua mtu ametoa nini atamsifu kwa anachomjua. Hapo ndipo Hodan alipaswa kushtuka, lakini alikuwa kwenye simu nyingine akibishana na mtu wa hema kuhusu viti.

Jumamosi ya sherehe hema lilipigwa uani kwa Barwaqo, katikati ya malori ya maji. Sambusa zilikuwepo, maziwa ya ngamia yalikuwepo, na meneja, Bwana Abdinoor, alikuwepo kiti cha mbele akiwa na suti ya rangi ya majivu. Abdinoor alikuwa mtu mrefu, msomi, mwenye kupenda mambo yaende kwa utaratibu. Alikuwa amemleta na mkewe.

Arbia akasimama na wanawake wake sita, ngoma ikaanza. Mhasibu alipata mistari mitano, mizuri, kwa kuwa aliwahi kumlea mtoto wa jirani. Mpishi wa chai alipata minane. Kisha likatajwa jina la Jarso, dereva wa lori la maji, Mborana mkimya kutoka upande wa Wajir, aliyekuwa amekaa nyuma kabisa karibu na matairi. Arbia akaeleza jinsi Jarso alivyofika kijijini wakati wa ukame, akamwaga maji, kisha akakuta uwanja pekee wa kugeuzia lori umetandazwa mikeka thelathini iliyotiwa rangi, inakauka. Hakupiga honi. Hakumwambia mtu aondoe kitu. Alirudi kinyumenyume kilomita tatu nzima, katika kichochoro cha miiba, na lori la matairi kumi. Akina mama walipiga makofi mpaka vumbi likapanda. Mistari kumi na minne.

Kisha likatajwa jina la Abdinoor. Arbia akatafuta maneno, akasema: "Abdinoor ni mrefu, kivuli chake hufika getini kabla yake. Ofisi yake ina baridi, na mlango wake hujifunga wenyewe." Akaendelea na jina lililofuata.

Kicheko kilianzia kwa walinzi. Mke wa Abdinoor, ambaye hakuwa na tasbihi, alikuwa amekunja vidole viwili, na vikabaki vimekunjwa hivyo mpaka mwisho wa sherehe. Kabla ya alasiri video ilikuwa imefika Eastleigh na Mandera. Jioni mama mkwe wa Abdinoor akapiga simu kutoka Kotile, akamsalimu vizuri, akauliza habari ya watoto, kisha akauliza kama ni kweli mlango hujifunga wenyewe.

Hodan, usiku huo, alikuwa na la kwake ambalo hakumwambia mtu. Yeye ndiye aliyeandaa kila kitu, tangu hema mpaka pilipili ya sambusa, na jina lake halikutajwa hata mara moja. Alikuwa amehesabu. Sifuri.

Jumatatu saa tatu asubuhi barua ilibandikwa ubaoni kwa Barwaqo. Ilisema kwamba kwa ajili ya utaratibu bora, kila mfanyakazi anayechangia Mkono wa Sanaa afike binafsi ofisini kwa meneja kuithibitisha upya ridhaa yake. Atakayekuwa hajafika kufikia Jumatano ya wiki ijayo atahesabiwa kuwa amejitoa. Siku hiyo hakufika mtu, wala siku ya pili. Nani ana roho ya kuingia kwenye ile baridi, ule mlango ujifunge nyuma yake, halafu aseme amekuja kwa ajili ya mashairi?

Jarso naye hakusalimika. Wenzake walianza kumwita Kumi na Minne. Mkewe alimtaka aeleze ni akina mama gani hao wa Bura wanaomjua vizuri namna hiyo. Na meneja akachukua funguo za lori, akazifungia kwenye droo, akampangia Jarso zamu ya kukaa getini mpaka atakapoarifiwa vinginevyo. Hodan alipopita alimkuta amekaa kwenye kigogo, analitazama lori lake lililoegeshwa, na hakulalamika. Hilo lilimuuma Hodan kuliko kama angelalamika.

Adeer Abdirizak alipiga simu mara moja tu. Hakugomba. Aliuliza kama uti wa mgongo bado uko mahali pake, Hodan akasema uko, ila umepinda kidogo.

Siku ya pili yake Hodan alikodi pikapu akaenda Bura. Kwenye mkoba wake kulikuwa na barua ya msaada wa nusu mwaka wa kundi la Arbia, imechapwa, imepigwa muhuri, imebaki sahihi yake tu. Kwa desturi barua hiyo ilitumwa kwa mtu wa pikipiki. Safari hii aliibeba mwenyewe, na njia nzima alijiambia kwamba ameibeba kwa sababu anapita huko huko. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Wasusi walikuwa kivulini mwa nyumba ya Arbia, nyumba ya herio ya fito na mikeka, vidole vinakwenda na midomo inakwenda. Hodan akakaribishwa chai ya maziwa, akauliza habari za mbuzi, za mvua, za magoti ya kila mmoja. Kisha akaitoa barua, akaiweka mkekani karibu na birika, akaipapasa ikae vizuri, na ndipo akaeleza shida yake: Eeddo amwongezee Abdinoor mistari michache. Sita. Hata minne.

Arbia alisema shairi si chai, huliongezi maji wageni wakizidi. Alimpa mtu yule mistari miwili kwa sababu anajua mambo mawili juu yake, na yote mawili aliyapata siku alipokwenda ofisini kwake kuuliza habari ya maji, akasubiri nje mpaka adhuhuri.

Hodan akasema anaelewa, lakini Eeddo naye aelewe kwamba shirika likianguka, misaada yote itaanguka. Mkono wake ukaigusa tena barua. Hakuna aliyemtuma aiguse.

Arbia aliutazama ule mkono. "Hooyo," alisema, kwa lile neno ambalo mama humwitia mwanawe, "nimechunga ngamia tangu sijaota meno ya mbele. Mtu anayekuja kumkamata ngamia huwa ameficha kamba nyuma ya mgongo, na uso wake huwa na huruma nyingi. Hiyo kamba yako naiona. Sema, unaifunga au huifungi?"

Wanawake wakaacha kusuka. Hodan alihisi masikio yanawaka. Alitamani aseme kwamba amesingiziwa, na neno lilikuwa tayari limefika ulimini, lakini macho ya wale wanawake saba yalikuwa yanamtazama bila hasira yoyote, na hilo likamshinda. Akatoa kalamu, akatia sahihi, akamsukumia Arbia barua. Akasema ni yenu, mistari iwepo isiwepo. Moyoni alijua ameuza kibao chake cha shaba kwa kikombe cha chai.

Arbia aliikunja barua akaitia kwenye mtandio. Kisha akasema, kama anayezungumzia jambo jingine kabisa, kwamba yeye hana ugomvi na yule mrefu. Anajua mambo mawili tu. Mleteni, labda nitajua la tatu.

Kumshawishi Abdinoor hakukuwa kazi, kwa maana mama mkwe alikuwa amepiga simu tena. Jumapili alitoka Garissa na Landkruza la kampuni akiendesha mwenyewe, Hodan akiwa kando yake, na nyuma kukiwa na magunia matatu ya sukari na mpiga picha wa arusi. Walipofika, Abdinoor alishuka, akavaa koti la suti kwenye lile jua, akapigwa picha akikabidhi gunia la kwanza, la pili, na la tatu. Gunia la tatu lilirudiwa kwa sababu alikuwa amefumba macho. Arbia alishukuru kwa dua ndefu ya kweli kweli, kwani sukari ni sukari. Shairi halikutoka.

Abdinoor akamnong'oneza Hodan aulize. Hodan akauliza.

"Aliyekuja na mpiga picha amekwisha kujisifu," Arbia akasema. "Mimi nimsifu tena niwe namrudufia?"

Mpiga picha, aliyekuwa na arusi nyingine mjini, aliona pikipiki inayotoka akairukia. Abdinoor akavua koti, akaingia garini, akawasha, na hapo akaona kile ambacho Hodan alikuwa amekwisha kukiona. Uwanja wa kugeuzia ulikuwa umetandazwa mikeka kutoka ukingo mpaka ukingo, myekundu na myeusi, rangi bado inang'aa. Pikipiki ile nyembamba ilikuwa imejipenyeza pembeni. Landkruza halingeweza.

Alishusha kioo akaomba iondolewe. Arbia akamwambia kwa upole kwamba rangi ikikunjwa mbichi huharibika, ila ikifika alasiri ataiondoa yeye mwenyewe. Ilikuwa bado saa nne. Abdinoor aliangalia saa yake, akaangalia mikeka, kisha akaangalia kichochoro alichojia, kilomita tatu kati ya kuta mbili za mathenge, ule mti wa miiba ambao uliletwa kuzuia jangwa nao ukaamua kuchukua na barabara. Hodan akaona taya lake likikaza. Ikiwa dereva na lori la matairi kumi aliweza, alisema, haya ni matairi manne tu.

Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Alirudi nyuma hatua mia mbili kwa ujasiri mkubwa, kisha akauona upande wa kulia unakaribia, akazungusha usukani upande ambao usukani hautakiwi kuzungushwa, na Landkruza likaingia kwenye mathenge mpaka mlango wa nyuma. Matairi mawili yalitoa pumzi kwa pamoja. Tairi la akiba lilikuwa moja.

Alikaa mle ndani kwa muda, mikono kwenye usukani. Halafu akatoa simu. Ilimchukua muda kulipata jina alilokuwa akilitafuta.

"Jarso, uko wapi?"

"Niko geti, mkubwa," sauti ikajibu. "Pale uliniweka."

Funguo za lori zilikuwa kwenye droo, ufunguo wa droo ulikuwa mfukoni mwa Abdinoor, na mfuko ulikuwa Bura. Kwa hiyo Jarso alikuja na pikipiki ya kukodi, akafika baada ya adhuhuri akiwa na tairi moja limemning'inia begani, uso mzima vumbi. Akasalimia watu wote, akanywa maji, akalala chini ya gari. Hakusema neno lolote ambalo lingeweza kutumika dhidi yake. Alipomaliza alikaa kwenye usukani, akarekebisha vioo, kisha akatoa kichwa nje.

"Mkubwa, hii gari inataka mtu ya nyuma, ya kutoa miba. Sasa hivi miba ikiingia tena, tairi ingine hakuna. Ile siku ya lori alitembea huyu mama."

Hodan aligeuka kumtazama Arbia. Kilomita tatu, kumbe, yule bibi alitembea nyuma ya lori akiokota miiba, na kwenye mistari kumi na minne hakujitia hata nusu mstari.

Abdinoor naye alikuwa ameligeukia lile umbo dogo lenye magoti mabovu. Hakuna aliyemwambia kitu. Alikunja mikono ya shati, akaenda nyuma ya gari, akainama, akaokota tawi la kwanza la mathenge na kulitupa pembeni. Jarso akaanza kurudi taratibu. Hodan alifuata kwa miguu, na Arbia akafuata kwa fimbo yake, na mbuzi wachache waliokuwa hawana shughuli wakafuata pia. Viatu vya Abdinoor vilikuwa vya ngozi laini, vya kutembelea zulia. Kilomita ya kwanza alikuwa akiinama kama mtu anayeogopa kuonekana. Ya pili alianza kupiga kelele, lete kulia, lete, simama, na Jarso alikuwa akisimama. Ya tatu hakuwa tena anajali nani anamwona, damu ikimtoka viganjani na jasho likimfanya aonekane mfupi.

Walipofika barabara kuu aliegemea gari akihema. Jarso alishuka, akampa chupa ya maji bila kuangalia mikono yake, na huo ulikuwa uungwana. Abdinoor akanywa. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa droo, akampa.

Arbia alikuwa ameegemea fimbo. Akasema, bila ngoma wala makofi: "Abdinoor alitembea nyuma ya gari lake, akiokota miiba kwa mikono, ili dereva wake apite."

Abdinoor akafuta uso kwa shati.

"Huo," aliuliza kwa sauti ndogo, "ni mmoja au miwili?"

"Mmoja," Arbia akasema. "Lakini ni mrefu."

Bodi ilikaa Alhamisi saa nne. Hodan alifika akiwa hajalala vizuri, kwa sababu Abdinoor alikuwa amerudi mjini kimya, akisema ataliangalia lile jambo, na neno "nitaliangalia" likitoka kwa meneja laweza kuwa na maana yoyote. Arbia alikuwepo kwa niaba ya wasanii, kama kanuni zilivyotaka. Abdinoor aliingia mwisho, viganja vimefungwa bandeji, kwa niaba ya wachangiaji. Akaomba aseme kwanza. Akasema ile barua ya ubaoni ilikuwa na kasoro za kiutaratibu na ameibandua, ridhaa zote mia moja na arobaini zimebaki kama zilivyokuwa, na aliyeandika barua hiyo ameonywa. Hakuna aliyeuliza aliyeiandika ni nani.

Hodan alivuta pumzi. Alidhani yamekwisha.

Salat akasafisha koo. Akasema anamshukuru Mungu kwa matokeo, lakini wajumbe wasisahau kwamba shairi moja lilikaribia kuliua shirika. Kiongozi anayeshindwa kumwamuru mtu anayemsaidia ni kiongozi wa namna gani? Barua ya nusu mwaka ya wasusi ilikuwa mikononi mwa kaimu, na wiki ile ile akaitia sahihi bila sharti lolote. Mpwa wake, katika ukurasa wa arobaini na tatu, alikuwa ameandika vizuri sana juu ya masharti.

Adeer Abdirizak akamgeukia Arbia, akauliza kama wasanii wana neno juu ya kaimu.

Arbia hakusimama. "Hodan alitujia na kamba nyuma ya mgongo," alisema, "akaitupa mwenyewe."

Katibu aliinua kalamu, akauliza hilo aliandike kama pongezi au kama malalamiko. Mwenyekiti akauliza vivyo hivyo. Arbia akasema wamuulize mwenyewe.

Watu wote wakamgeukia Hodan. Ingekuwa rahisi kucheka na kusema ni lugha ya washairi. Ingekuwa rahisi mno, na Salat asingekuwa na la kujibu. Hodan aliangalia meza. Akasema kwamba ni kweli, barua ile hakuipeleka Bura kwa sababu alikuwa anapita. Aliipeleka ili kuwatisha wasusi, wamwongezee meneja sifa, naye apate kuthibitishwa kazini. Akasema aliiweka karibu na birika na kuipapasa mara mbili. Alipotambuliwa aliona haya, na haya yale ndiyo yaliyotia sahihi. Akasema hana zaidi. Alijua mamake angeuliza jioni, na alikuwa akitafuta namna ya kumwambia.

Adeer Abdirizak alijikuna ndevu zilizotiwa hina.

"Miaka thelathini nimekamata ngamia wa watu kwa ajili ya sindano," alisema. "Ukimwendea na kamba mgongoni utamkamata, sikatai. Lakini ni mara moja tu. Siku ya pili akikuona anakimbia mpaka Wajir. Huyu tumpe kazi. Wasusi hawatamkimbia."

Kura zilipigwa. Salat alikataa, kwa heshima ya dada yake, na wengine wote wakakubali. Katibu alichukua rula, akapiga mstari juu ya neno kaimu kwenye kumbukumbu za mkutano, taratibu, ili lisikwaruze karatasi. Hodan aliona jina lake limekaa peke yake pale, na machozi yakamlenga, naye akajifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Nje, Jarso alikuwa ameegesha lori lake mbele ya ofisi akimsubiri Arbia ampeleke stendi. Hodan alisimama ngazini akijirudia moyoni yale maneno ya Eeddo. Ulikuwa mstari mmoja, nusu yake aibu. Alikuwa amekwisha kuhesabu kabla hajajizuia.

Abdinoor alimpita, akasita, akarudi hatua moja. Akainama kidogo ili kimo chake kisimsumbue.

"Usijali, walaal," alimwambia, akimwita ndugu, kwa huruma ya kweli. "Hata mimi nilianza na miwili."